Pikapu ipi inatosha kuvuta eskaveta ya kilo 2,600?

Swali: Nataka kununua pikapu ya kuvutia trela la kazini. Nina eskaveta ndogo ambayo kitabu chake kinasema ina kilo 2,600, na trela la ekseli mbili ambalo likiwa tupu lina kilo 720. Jumla 3,320. Ndani ya pikapu tutakuwa watu wanne, na nyuma kwenye bodi kutakuwa na zana za kilo 150 hivi pamoja na madumu kumi ya dizeli ya lita 20. Pikapu niliyoipenda ni dabokebini ya dizeli, lita 2.8, na imeandikwa kwamba inavuta kilo 3,500. Fundi wangu anasema inatosha, na ikikaa chini nyuma ataongeza springi au mifuko ya upepo. Muuzaji mwingine ananivuta upande wa pikapu kubwa za Kimarekani. Nichukue ipi?

Jibu: Kwa kazi uliyoieleza, dabokebini hiyo haitoshi. Injini italisogeza trela hilo bila shida, tena siku ya kwanza utaona fundi wako amesema kweli. Kitakachoelemewa ni ekseli ya nyuma, tairi zake na chesisi. Umepiga hesabu ya kinachovutwa, ukasahau kinachobebwa, na pikapu nyingi huzidiwa na vitu vilivyokaa juu yake mapema kuliko kile kinachofuata nyuma.

Hata hivyo tuanze na hiyo 3,320, maana nayo ina walakini. Uzito wa kwenye kitabu cha eskaveta kwa kawaida ni wa mashine ikiwa na bakuli moja la kawaida. Angalia umesoma mstari upi: uzito wa kusafirisha huandikwa mdogo kuliko uzito wa kazini, kwa sababu uzito wa kazini unahesabu dereva na tangi lililojaa. Sasa ongeza bakuli mbili za akiba, kiunganishi cha kubadilishia bakuli haraka, minyororo na vikaza vya kufungia mashine, tairi la akiba la trela, na udongo ulioganda kwenye mikanda ya mashine baada ya kazi ya siku ya mvua. Ukiwa na nyundo ya kuvunjia mawe, hiyo peke yake hufika kilo 150 na zaidi. Kilo 280 za ziada ni makadirio ya kawaida tu. Trela lako basi si 3,320, ni 3,600 hivi, na tayari umeshapita ile 3,500 kabla mtu hajapanda garini.

Namba ya 3,500 kwa dabokebini ni ya kweli, ila ina masharti. Inahusu trela lenye breki zake. Lisilo na breki kikomo huwa kilo 750. Inakwenda pamoja na kikomo cha uzito unaokandamiza gololi ya kuvutia (tufe la chuma nyuma ya gari ambalo trela hushikizwa), ambacho kwa pikapu za aina hii mara nyingi ni kilo 350. Na sharti ambalo watu wengi hawalisomi ni kwamba gari na trela kwa pamoja vina kikomo chao. Kwenye kibati kilichobandikwa mlangoni au chini ya boneti, au kwenye kitabu cha gari, utakuta namba nne. Ya kwanza ni uzito wa juu wa gari lenyewe, pamoja na kila kilichomo na kinacholikandamiza; wengine huiandika GVM, Wamarekani GVWR. Ya pili ni uzito wa juu wa gari na trela kwa pamoja, GCM au GCWR. Mbili zilizobaki ni za ekseli ya mbele na ekseli ya nyuma. Kikomo cha trela ni namba ya tano tu, na kwa bahati mbaya ndiyo pekee inayoandikwa kwa herufi kubwa kwenye tangazo.

Chukua dabokebini ya kawaida ya kundi la Hilux, D-Max, Ranger au Navara. Namba hutofautiana kwa toleo na mwaka, kwa hiyo hizi zichukulie kama mfano, kisha weka za gari lako: gari tupu 2,150, uzito wa juu wa gari 3,100, gari na trela 5,950, ekseli ya nyuma 1,910. Ukivuta trela la 3,500, gari lenyewe haliruhusiwi kuzidi 2,450, kwa sababu 5,950 ukitoa 3,500 ni hiyo. Toa uzito wa gari tupu, unabaki na kilo 300. Hizo ndizo za watu, mafuta, zana na kila nyongeza utakayofunga. Watu wanne wa kilo 80 kila mmoja ni 320. Yaani mkiwa wanne, bila hata spana moja, hamtakiwi kuvuta 3,500.

Mzigo wako wewe ni huu: watu 320, zana 150, dizeli pamoja na madumu yake kama 180 (lita moja ya dizeli ni gramu 840 hivi), kifuniko cha bodi na upau wa kuvutia 90. Jumla 740. Gari linafika 2,890. Weka trela la 3,600, msafara wote unakuwa 6,490, umezidi kwa kilo 540. Upande wa gari lenyewe, ongeza uzito wa shingo ya trela, yaani ile sehemu ya mbele inayokaa juu ya gololi. Trela la gololi linatakiwa kukandamiza gari kwa 10% hadi 15% ya uzito wake; kwa 10% ni kilo 360. Gari sasa ni 3,250, limezidi kwa 150.

Ekseli ya nyuma ndiyo yenye hali mbaya zaidi, na hapa wengi hukosea kwa kudhani kilo 360 zikikaa kwenye gololi basi ekseli inapokea kilo 360. Gololi iko nyuma ya ekseli, mita 1.25 hivi, na kutoka ekseli ya nyuma hadi ya mbele ni mita 3.1. Gari linakuwa kama pembea: mkia unashuka, pua inanyanyuka. Zidisha 360 kwa 4.35, gawanya kwa 3.1, unapata 505. Hizo ndizo kilo zinazoingia kwenye ekseli ya nyuma, na kilo 145 zinaondoka kwenye ekseli ya mbele. Gari tupu la namna hii huwa na kilo 950 hivi nyuma. Jumlisha 505 za shingo, 330 za zana na dizeli, kama 160 kutoka kwa abiria, na 95 za kifuniko na upau. Unafika 2,040 kwenye ekseli ya 1,910.

Zile 145 zilizotoka mbele nazo si za kupuuza. Usukani unakuwa mwepesi, taa zinamulika juu machoni mwa wanaokuja, na tairi za mbele, ambazo ndizo zinafanya sehemu kubwa ya kusimamisha gari, zinashika barabara kwa nguvu ndogo kuliko zilivyokusudiwa. Dereva huyasikia haya kama ulegevu fulani wa gari kwenye kona, na mara nyingi husingizia upepo au barabara.

Sasa springi na mifuko ya upepo ya fundi wako. Springi ngumu hurudisha gari kwenye usawa wake na huzuia mkia usiguse chini, na kwa hilo ni kitu kizuri. Hazibadilishi kikomo cha ekseli, beringi, tairi, breki wala chesisi. Gari linaonekana limesimama vizuri huku mzigo ukiwa uleule. Mifuko ya upepo inahitaji tahadhari zaidi. Springi za majani hushika chesisi sehemu mbili, mbele ya ekseli na nyuma yake, na kugawa mzigo kwenye sehemu hizo. Mfuko wa upepo uliowekwa juu ya ekseli unasukuma chesisi sehemu moja, katikati. Ukiwa na mzigo mzito kwenye bodi na shingo nzito ya trela nyuma, ile sehemu ya katikati inageuka egemeo: nyuma kunavutwa chini na trela, mbele kunashikwa na uzito wa kebini na injini. Gari likiingia shimoni kwa kasi, mzigo huo huongezeka ghafla na chesisi hupinda, kwa kawaida kati ya kebini na bodi. Utaona uwazi baina ya kebini na bodi umepanuka juu na kubana chini, au kinyume chake. Chesisi ikishapinda hivyo hainyooki tena ikawa kama zamani. Dabokebini ndizo zinazoumia zaidi kwa sababu kebini ndefu imeusogeza mzigo wa bodi nyuma ya ekseli.

Nguvu ya injini nayo ina hesabu yake, ingawa kwako si ndiyo inayokata shauri. Kupanda mwinuko wa 6%, yaani mita 6 kwa kila mita 100, kwa kilometa 80 kwa saa, msafara wa kilo 6,490 unahitaji karibu kilowati 85 kwa kuinua uzito tu. Msuguano wa tairi unakula kama 17, hewa 23 au zaidi kutegemea umbo la mzigo. Jumla 125 kwenye magurudumu. Injini ya kilowati 150 ikipoteza 15% kwenye giaboksi na difu inabaki na 127. Maana yake utapanda, lakini mafuta yamekanyagwa hadi mwisho muda wote, hakuna akiba, na joto linapanda kwenye rejeta na kwenye mafuta ya giaboksi. Mafuta ya giaboksi ya otomatiki yakivuka joto la nyuzi 120 kwa muda mrefu, yanaungua na klachi za ndani zinafuata. Pikapu isiyo na kipimo cha joto la giaboksi ifungiwe kimoja kabla ya kuvuta trela zito, pamoja na kipozeo cha ziada. Wenye giaboksi ya mkono wanapata tatizo lingine, kuanza mwendo mlimani. Klachi inayoteleza kwa sekunde chache kila mara haidumu, na ndiyo maana baadhi ya watengenezaji hupunguza kikomo cha kuvuta kwa toleo la giaboksi ya mkono.

Tuhamie kwa hao Wamarekani. Majina yao yanachanganya. Wanazungumzia pikapu ya nusu tani (F-150, Silverado 1500, Ram 1500), robo tatu ya tani (F-250, 2500) na tani moja (F-350, 3500). Zamani namba hizo zilikuwa uzito wa mzigo unaobebwa. Leo ni majina ya ukubwa tu. Usiichanganye tani moja yao na pikapu ya tani moja ya kundi la Hilux, ambayo kweli hubeba karibu tani moja lakini ni gari dogo kwa mbali kuliko F-350.

Nusu tani ndiyo itakayokutega. Zipo zinazotangazwa kuvuta zaidi ya kilo 5,000, na muuzaji ataitaja namba hiyo kabla hujakaa. Muulize nafasi ya mzigo. Imeandikwa kwenye karatasi ya manjano na nyeupe kwenye nguzo ya mlango wa dereva, na inahusu gari lile lile ulilosimama mbele yake, pamoja na vyote lilivyotoka navyo kiwandani. Nusu tani yenye kebini kubwa, viti vya ngozi, paa la kioo na uvutaji wa magurudumu manne mara nyingi ina nafasi ya kilo 600 hadi 900 tu. Hiyo ni sawa na dabokebini yako, au pungufu. Wewe unahitaji 650 za watu, zana na dizeli, na 360 za shingo: 1,010, na zaidi kidogo ukiongeza kifuniko. Nusu tani inavuta trela lako vizuri kuliko dabokebini, ila haiwezi kubeba kikosi chako huku inavuta.

Na ile namba yao kubwa ya kuvuta hupimwaje? Kuna kanuni ya wahandisi, SAE J2807, iliyotolewa mwaka 2008; Toyota ilikuwa ya kwanza kuifuata, kwa magari ya mwaka 2011. Sehemu moja ya jaribio ni kupanda mlima wa Davis Dam, Arizona, karibu kilometa 18, joto likiwa nyuzi 38, kiyoyozi kikiwa kimefunguliwa hadi mwisho, na gari lisishuke chini ya kilometa 64 kwa saa (56 kwa lenye tairi pacha nyuma). Ni jaribio kali na la haki. Lakini ndani ya gari wanahesabiwa watu wawili wa kilo 68 kila mmoja na karibu hakuna mzigo mwingine. Kila kilo unayoongeza juu ya hapo, itoe kwenye uwezo wa kuvuta. Watu wanne na madumu kumi hawamo kwenye namba ile.

Robo tatu ya tani na tani moja ni ukoo mwingine kabisa. Chesisi nene, ekseli ya nyuma ambayo uzito wote hubebwa na nyumba ya ekseli badala ya shafti, breki kubwa, tairi za gari la mizigo za kiwango E (alama ya uwezo wa tairi kubeba mzigo), na mita 4 hivi kati ya ekseli kwa zenye kebini ndefu. Urefu huo ndio unaofanya trela lisiichezeshe pikapu. Trela la kilo 3,600 nyuma ya gari la kilo 3,300 tupu hutulia. Nyuma ya gari la 2,150, trela ndilo kubwa la familia.

Ila hata hapa soma karatasi ya mlangoni. Robo tatu nyingi zimewekewa kikomo cha uzito wa juu cha pauni 10,000, yaani kilo 4,536, kwa sababu hapo ndipo kundi moja la magari huishia na jingine kuanza kisheria huko Marekani. Injini ya dizeli ni nzito kuliko ya petroli kwa kilo 200 hadi 300, na kwa kuwa kikomo ni kilekile, uzito huo unatoka kwenye nafasi yako ya mzigo. Unaweza kukuta robo tatu ya dizeli yenye kebini kubwa imebaki na kilo 1,000 tu, huku ya petroli ya aina hiyohiyo ina 1,300. Watu wanainunua ya dizeli wakidhani ndiyo yenye uwezo. Inavuta zaidi na kubeba kidogo. Kwa trela la kilo 3,600 na safari za kawaida ningeshika ya petroli. Kama una milima mirefu kila siku na unaitaka dizeli kwa ajili ya breki yake ya moshi (inayobana moshi wa injini ili kupunguza mwendo) wakati wa kushuka, panda hadi tani moja, yenye tairi moja moja nyuma. Tairi pacha huna haja nazo. Hizo ni za trela za tani 6 na kuendelea, hasa zile za shingo ya bata zinazounganishwa katikati ya bodi na kuweka 15% hadi 25% ya uzito wao juu ya gari.

Kabla hujaamua, fikiria pia lori dogo. Gari kama Isuzu ya N au Canter lenye uzito wa juu wa tani 7.5 hubaki na nafasi ya karibu tani 4, kutegemea bodi. Eskaveta yako inapanda juu, hakuna trela, hakuna shingo, hakuna kurudi nyuma kwa kukisia, na breki zote ziko kwenye gari moja. Unachopoteza ni starehe, kasi, na huenda daraja la leseni. Kwa anayehamisha mashine moja kila siku kutoka eneo hadi eneo, mara nyingi lori dogo ndilo jibu, na ni jambo ambalo wauza pikapu hawalitaji kwa sababu zilizo wazi.

Ukishindwa kote na lazima ubaki na dabokebini, punguza mashine. Eskaveta ya kilo 1,800, na vifaa vyake 250, juu ya trela la kilo 600, ni 2,650. Na mzigo wako wote garini msafara unakuwa 5,540, umo ndani. Lakini gari lenyewe, 2,890 na shingo ya 265, ni 3,155. Bado umezidi kwa 55. Shusha madumu manne, au mmoja wenu asafiri kivyake.

Gari lolote utakalochukua, kuna mambo ya trela ambayo yasipokaa sawa hata pikapu ya tani moja haitakuokoa.

Mashine ikae wapi juu ya trela: tuseme kutoka gololi hadi katikati ya ekseli mbili za trela ni mita 3.2. Ukiisogeza mashine ya kilo 2,700 sentimeta 10 tu, uzito wa shingo unabadilika kwa kilo 84. Ukiisogeza nyuma kwa sentimeta 20, shingo ya 360 inashuka hadi chini ya 200, yaani kama 5%, na hapo ndipo trela linaanza kupiga mkia ukifika kilometa 80. Kwa hiyo tafuta mahali pake mara moja, kisha paka rangi alama kwenye sakafu ya trela ambapo mikanda inatakiwa kuishia. Bakuli za akiba nazo ziwe na mahali pa kudumu.

Kupima shingo hauhitaji mitambo. Weka mbao imara, upande mmoja ukae juu ya bomba lililolala chini, upande wa pili juu ya mizani ya bafuni yenye bomba jingine juu yake. Jeki ya shingo ikandamize mbao sentimeta 30 kutoka bomba la kwanza na 60 kutoka lile la kwenye mizani. Unachosoma, ukitoa uzito wa mbao ulioonekana mwanzo, zidisha kwa 3. Mizani ikisema 120, shingo ni 360. Trela liwe limelala sawa, kwa kimo kilekile cha gololi. Likiinua pua, namba inadanganya. Kwenye mizani ya magari ni rahisi zaidi: pima pikapu na watu na mzigo bila trela, kisha unganisha trela na upime tena pikapu peke yake ikiwa juu ya mizani na trela nje. Tofauti ni shingo. Halafu rudia huku ekseli ya nyuma tu ikiwa juu.

Gololi yenyewe ina uwezo wake, umepigwa muhuri juu. Ya milimita 50 kwa kawaida huishia 3,500, haikufai kwa 3,600. Ukienda kwenye gololi ya inchi 2 na 5/16, badilisha na kichwa cha trela pamoja. Kichwa cha inchi 2 na 5/16 kikiwekwa kwenye gololi ya inchi 2 kinafunga, kinabonyea vizuri kabisa, na kitaruka kwenye tuta la kwanza lenye nguvu. Upau wa kuvutia nao una kibati chake chenye namba mbili: uzito unaoruhusiwa kwa kuunganisha kawaida, na ule wa kutumia kiungio cha kusambaza uzito, chenye vyuma viwili vya springi vinavyorudisha sehemu ya mzigo kwenye ekseli ya mbele. Kiungio hicho kinatibu lile tatizo la pua kunyanyuka. Hakiongezi uzito wa juu wa gari, na baadhi ya watengenezaji hawakiruhusu kwa magari yao, kwa hiyo kitabu kisomwe kwanza.

Breki za trela ziwe za umeme, kwenye ekseli zote mbili, na kidhibiti chake kiwe karibu na mkono wa dereva. Namna ya kukirekebisha: mzigo ukiwa juu, barabara kavu na tambarare, kasi ya kilometa 30 hadi 40, bonyeza kitufe cha mkono bila kukanyaga breki za gari. Ongeza nguvu kidogo kidogo mpaka magurudumu ya trela yaanze kuburuzika, kisha punguza hatua moja au mbili. Rudia kila unapobadili mzigo. Breki zilizopangwa kwa trela lililojaa huburuza tairi za trela tupu. Waya wa dharura, unaofungisha breki za trela likichomoka, ufungwe kwenye chesisi ya gari, usifungwe kwenye gololi wala kwenye minyororo, na betri yake iwe na uwezo wa kushikilia breki kwa dakika 15.

Kitufe hichohicho cha mkono ndicho kitakachokusaidia trela likianza kupiga mkia. Ondoa mguu kwenye mafuta, shika usukani sawa bila kuufukuza mkia, bonyeza breki za trela peke yake. Ukikanyaga breki za gari kwanza, pikapu inapunguza mwendo huku trela likiendelea kusukuma, na ndipo vinapokunjana. Trela likitulia, simama upime upepo wa tairi na utazame ile alama ya rangi. Tairi za nyuma za pikapu ziwe na upepo wa mzigo kamili kama ulivyoandikwa mlangoni, si ule wa kutembelea mjini. Tairi laini nyuma ni chanzo cha mayumbo ambacho watu hukitafuta kila mahali isipokuwa hapo.

Kwenye mteremko, chagua gia kabla ya kuanza kushuka, gia ileile ambayo ungehitaji kuupandia. Nishati ambayo breki zinapaswa kumeza huongezeka kwa mraba wa kasi: kutoka 80 kwenda 100 ni ongezeko la 56%. Usiziache breki zikiwa zimekanyagwa kidogo muda wote. Kanyaga kwa nguvu hadi ushuke kilometa 10 chini ya kasi unayoitaka, ziachie zipoe, acha gari lijiongeze, kisha kanyaga tena. Ukisikia harufu ya breki zinazoungua, simama mahali salama na usubiri nusu saa, huku hendibreki ikiwa imeachiwa na vigingi vimewekwa kwenye magurudumu, kwa sababu ngoma au diski ya moto iliyobanwa inapopoa hupinda.

Na kabla ya kulipa, mwombe muuzaji akuruhusu uipeleke pikapu hiyo kwenye mizani ikiwa na tangi limejaa na nyinyi wanne ndani. Namba ya gari tupu iliyoko kwenye kijitabu cha matangazo mara nyingi ni ya toleo la chini kabisa, lisilo na kiyoyozi cha nyuma, rimu kubwa wala ngazi za pembeni. Unaweza kukuta kilo 100 zimeshaliwa kabla hujaweka chochote.